Mwezi Mpevu Hauchomozi Usiku wa Manane

Msichana anatoroka nyumbani usiku wa manane. Kijiji kimelala fofofo, mbwa wamenyamaza, na anapofika kisimani mwezi mpevu unachomoza nyuma ya minazi. Nimekutana na sentensi ya namna hii katika miswada mingi, na kila mara hadithi hunikatikia hapo hapo. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua. Ikifika saa sita usiku huwa uko utosini au karibu yake, kivuli cha msichana kimejikunja miguuni, na uwanja wote kuzunguka kisima ni mweupe pe. Hapo hakuna pa kujificha, na kutoroka kwake kunakuwa jambo jingine kabisa.

Kosa hili halirekebishwi kwa misamiati mizito wala kwa tashbihi. Mwandishi anayetaka kuandika mvua, bahari, miti na jikoni anahitaji kwanza kujua kila kitu kina saa yake na jina lake. Hilo ndilo nililojifunza polepole kuliko yote katika kazi hii, na bado naliona kuwa ndilo lenye faida zaidi.

Ratiba ya mwezi haina ugumu. Kila siku huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Unapoandama huonekana upande wa magharibi, chini, muda mfupi baada ya jua kutua, nao huzama mapema. Siku ya saba hivi, jua linapotua, mwezi nusu uko juu kabisa, na huzama karibu na saa sita usiku. Siku ya 14 au 15 huchomoza wakati wa adhana ya magharibi na hukaa angani hadi alfajiri. Siku tatu baada ya hapo usiutafute kabla ya saa tatu usiku. Mwezi unaochomoza usiku wa manane ni nusu ya mwisho, wenye mwanga mdogo. Basi msichana wetu apewe huo: utamwonyesha njia bila kumwanika.

Na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, mwezi wetu mchanga hulala chali, pembe zote mbili zikitazama juu kama dau lililotia nanga. Ule uliosimama wima, wa kwenye vitabu vya watoto vilivyochorwa Ulaya, si wa kwetu. Mwandishi wa Tanga anayeuandika ameutoa kwenye kitabu.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaishi na kalenda ya mwezi, kwa hiyo kosa la hapa huonwa mara moja. Usiku wa Idi el-Fitri ni usiku wa giza, kwa sababu mwezi ndio kwanza umeandama. Ukitaka watoto wacheze mbalamwezini sikukuu, tumia Idi ya kuchinja: tarehe 10 mwezi umeshakuwa mkubwa, jua likitua uko juu upande wa mashariki, na huzama kama saa nane usiku. Pasaka nayo huja Jumapili inayofuata mwezi mpevu, hivyo usiku wake kwa kawaida mwezi umeanza kupungua na huchelewa kutokea.

Bahari inafuata mwezi huo huo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukipevuka, yanakuja maji ya bamvua. Ukiwa nusu, yanakuja maji mafu. Siku za bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hufika mita 3 hadi 4 katika mwambao wetu, na siku za maji mafu huweza kushuka hadi karibu na mita 1. Jambo ambalo waandishi wengi hawalitumii ni kwamba bamvua lina saa zake. Kuanzia Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Ndiyo maana wanawake wanaolima mwani pale Paje, na kote mashariki mwa Unguja, huonekana asubuhi siku za bamvua wakishuka na kamba na vigingi, na siku za maji mafu wako nyumbani wanaanika au wanatengeneza kamba. Mhusika mlima mwani anayeamka kila siku kwenda shambani kwake baharini hayupo. Kazi yake inakwenda kwa vipindi, wiki ya kazi na wiki ya kusubiri, na riwaya nzima inaweza kujengwa juu ya mapigo hayo.

Sasa unganisha mambo mawili. Asubuhi ya Idi el-Fitri mwezi ni mchanga, kwa hiyo ni bamvua, kwa hiyo saa nne maji yamepwa. Watoto wakikimbilia ufukweni saa hiyo na nguo mpya, watakuta mchanga mtupu na maji yako kule mwambani. Wakitaka kuoga wangoje alasiri, na akina mama wameshaanza kuuliza nguo ziko wapi. Mwandishi hakulazimika kubuni chochote hapo.

Upepo nao una zamu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na katikati yake matlai, upepo wa kutoka mashariki. Enzi za tanga, jahazi lilitoka Maskati kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Likiwekwa njiani kuja Zanzibar mwezi Julai, nahodha wake anapigana na upepo safari nzima, na kama hadithi haimpi sababu ya kufanya hivyo, msomaji wa pwani ataacha kumwamini nahodha na mwandishi pamoja. Hata jua la adhuhuri huhama. Dar es Salaam hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi liko upande wa kusini na kivuli huangukia kaskazini. Wakati wa kipupwe hugeuka. Bibi anayevuta mkeka wake kufuata kivuli uani Julai, Desemba hauvuti upande ule ule.

Radi ni jambo dogo lakini huharibiwa mara nyingi. Mwanga hufika kwanza. Ngurumo hufuata, sekunde 3 kwa kila kilomita. Ukiandika kwamba vilitokea pamoja, umeiweka radi juu ya paa, basi na mhusika ashtuke inavyostahili.

Nikitoka kwenye saa nakuja kwenye majina, na hapa mwalimu wangu ni mnazi. Tunda lake hatuliiti kwa jina moja. Kidaka ni kichanga, na vingi hudondoka vyenyewe. Kitale kimekua lakini ndani bado hakuna nyama ya kula. Dafu limejaa maji matamu mpaka ukilitikisa halitoi sauti, na nyama yake ni utando laini unaokombwa kwa kijiko kilichokatwa kwenye ganda lake lenyewe. Koroma limepita dafu na halijafika nazi. Nyama imeshaanza kuwa ngumu ila tui lake ni hafifu, na maji yake hayana tena utamu ule. Nazi ndiyo iliyokomaa, ukiitikisa maji yanachapa ndani. Kuanzia ua mpaka nazi ni kama miezi 12. Mwandishi anayeandika kwamba mama “alikuna dafu” amepoteza kila msomaji aliyewahi kukalia mbuzi, maana dafu halikuniki. Nyama yake ingeteleza kwenye meno ya mbuzi kama ute.

Anayepanda kuangua ni mkwezi. Anayepanda kugema tembo ni mgema, naye hupanda mnazi ule ule asubuhi na jioni, kwa sababu kilele, yaani shina la ua linalotoa tembo, lazima kikatwe upya ili kisizibe. Hawa ni watu wawili tofauti, wenye saa tofauti za kazi na marafiki tofauti. Ukijua hilo, hutamfanya mkwezi ashuke amelewa.

Tuingie jikoni. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu kidogo, ikakamuliwa na kuchujwa: hilo ni tui zito, kasimile. Chicha hutiwa maji tena, likapatikana tui jepesi. Jepesi hutangulia sufuriani, ndilo linaloivisha; zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mwiko hausimami. Ukiacha kukoroga na likachemka kwa nguvu, tui hukatika: mafuta hujitenga juu, chini hubaki majimaji yenye chembechembe. Hapo kuna tukio zima. Ukitaka kuonyesha kwamba habari iliyoletwa na mgeni imemgusa mpishi, usiandike kwamba alishtuka sana. Andika kwamba alisimamisha mwiko. Kila anayepika atajua kitakachotokea kwenye sufuria, na atasubiri. Mchuzi uliokatika ukifika mezani, hakuna haja ya mtu yeyote kueleza hali ya moyo wa mama.

Majina hubadilika kwa kila mahali, na hilo lizingatiwe hasa kwenye midomo ya wahusika. Mtu wa Unguja hununua tungule na mbatata; wa Dar es Salaam hununua nyanya na viazi. Hoho ya sokoni Dar es Salaam haiwashi, lakini kamusi za zamani huita pilipili hoho ile inayowasha hasa. Mwandishi anayetegemea kamusi peke yake atamwunguza mtoto wa watu kwa kachumbari. Mikoko ndiyo hunipa kazi zaidi. Neno hilo hutumika kwa msitu wote wa ufukweni, lakini ndani yake mkoko ni mti mmoja, ule wenye mizizi iliyojipinda hewani kama miguu ya kaa, ambao mbegu yake huota ingali mtini. Mchu ni mwingine: mizizi yake huchomoza matopeni kama penseli zilizosimikwa, na jani lake ukililamba lina chumvi. Mlilana hupenda kukaa mbele, upande wa bahari. Mkandaa gome lake hutoa rangi nyekundu. Anayeandika “alijificha kwenye mikoko” ni sawa kabisa, lakini akijua ni mchu au mkoko atajua kama mhusika anakanyaga penseli au anakwea matao.

Njia ya kupata jina ni kuuliza, na kuna namna ya kuuliza. Usimwonyeshe mzee mti ukasema, “Babu, huu ni mchu, siyo?” Kwa adabu yake atakubali, na wewe utaondoka na kosa lililopigwa muhuri. Mwamkie kwanza, kaa, kisha uliza: “Huu nyie mnauitaje?” Nyamaza usubiri. Halafu uliza una kazi gani, kwani jina likitajwa pamoja na kazi yake halipotei: boriti, fito, kuni, dawa, dau. Baadaye muulize mtu mwingine, mahali pengine, bila kumtajia jibu la kwanza. Majibu yakipishana, huenda hakuna aliyekosea. Yaandike yote mawili na mahali yalipotoka.

Kuhusu rangi, Kiswahili kina hazina ambayo tunaipita kila siku. Vivumishi vyake vya rangi vya asili ni vitatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingi nyingine tumezitoa kwenye vitu: kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo kile kinachopaka vidole, zambarau ni tunda linalopaka ulimi, machungwa ni machungwa. Tunayo maji ya kunde na tunayo damu ya mzee. Maana yake ni kwamba kila rangi inakuja na uani wake. Ukiita shela ya bibi harusi “maji ya kunde”, jikoni pameingia nayo. Kwa hiyo nachagua rangi kama ninavyochagua mgeni wa kukaa naye ukurasa mzima. Na pale inapokosekana, hakuna ubaya kuunda kwa njia ile ile: rangi ya koroma, rangi ya kutu, rangi ya maji ya mchele. Msomaji ataiona haraka kuliko jina lolote la rangi kwenye kopo la duka.

Kutazama kunahitaji vifaa vichache. Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu ya risasi badala ya wino, kwa sababu jasho na unyevu wa masika hufuta wino. Dakika 20 kwa siku, mahali pale pale, kwa angalau miezi mitatu. Chini ya hapo huoni mabadiliko, unaona vitu tu. Anza kila ukurasa kwa tarehe, saa, upepo unatoka wapi, mbingu ikoje, na mwezi una siku ngapi. Baada ya hapo kitu kimoja tu, siyo kumi. Kama ni chozi, yule ndege mdogo wa maua, kwenye ua la mgomba, andika alikuja mara ngapi, alikaa upande gani, alifukuzwa na nani. Simu haifai kuchukua nafasi ya daftari. Picha huleta umbo ikaacha harufu, ikaacha upepo, ikaacha kilichotokea dakika moja kabla, na mbaya zaidi hukupa ruhusa ya kuacha kutazama.

Kuna neno nalolikataza katika daftari: “nzuri”, na ndugu zake “ya kuvutia” na “ya kupendeza”. Tumelelewa na insha za shule ambamo jua huchomoza, ndege hutumbuiza na upepo mwanana huvuma kabla ya jambo lolote kutokea. Ndege yupi? Mbayuwayu wanaotoka Ulaya huwa kwetu takriban Oktoba hadi Machi au Aprili. Ukiwaona juu ya nyaya mwezi Julai, uliza tena ni nani hao. Yangeyange hufuata ng'ombe wakienda malishoni, wakidaka panzi wanaoshtuliwa na kwato. Neno “ndege” si kosa, ila ni deni, na ukurasa ukiwa na madeni matatu msomaji huacha kukopesha.

Nikupe mfano mmoja kwa karibu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imenyesha mchana, imeanuka, udongo bado una joto. Giza linapoingia kumbikumbi hutoka. Sentensi inayokuja kwanza kichwani ni: “Kumbikumbi wengi walizunguka taa na kupendeza sana.” Kaa nao dakika 20. Utaona hao ni mchwa waliopewa mabawa kwa ajili ya jioni moja. Mabawa ni manne, yanakaribiana urefu, yote marefu kuliko mwili. Kumbikumbi akitua hutembea hatua chache, hujipinda, na mabawa hukatika karibu na shina, mahali palipoumbwa kukatika, hakuna anayeyanyofoa. Kisha wawili hushika njia, jike mbele, dume nyuma akimgusa kwa vipapasio, wakitafuta ufa wa kuchimba. Mjusi kafiri ukutani hana haraka; huchagua.

Sasa sentensi yaweza kuandikwa: “Sakafuni mabawa yalizidi wenyewe. Wawili wawili walifuata ufa wa saruji, mmoja mbele, wa pili akimgusa mgongo, kama vipofu wanaoongozana.” Iweke siku tatu. Ukirudi, soma kwa sauti. Mimi hapo huondoa “kama vipofu wanaoongozana”, kwa sababu si kweli: anayeongozwa anajua anachofanya, na kumgusa mgongo kunatosha bila tashbihi. Tanakali za sauti nazo huzipima hivyo hivyo. Totoro, jii, tii, chepechepe ni maneno ya thamani, na mawili katika aya moja hupigana. Linalobaki ni lile ambalo sikio lililisikia kweli.

Na kwa kuwa kumbikumbi ni chakula, andika na hilo. Beseni la maji huwekwa chini ya taa, wanaanguka humo. Hukaangwa kwenye sufuria kavu, moto mdogo, chumvi kidogo. Mafuta hayatiwi, yao yanatosha. Wakipoa hupepetwa kwenye ungo, mabawa yakaenda na upepo. Moto ukiwa mkubwa huungua nje na kubaki majimaji ndani, na huacha uchungu.

Asubuhi barazani kumejaa mabawa. Yakiwa makavu hayafagiliki: ukipitisha ufagio wa chelewa hupaa, yakazunguka, yakatua nyuma yako. Nyunyiza maji kwanza, kidogo, kwa vidole. Yatalala sakafuni, yaking'aa, na ufagio utayakusanya yote.